Barua ya wazi kwa wenye dhamana na MV Liemba: ukarabati uende pamoja na kumbukumbu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi, uongozi wa kampuni ya meli ya serikali, Makumbusho ya Taifa na uongozi wa Mkoa wa Kigoma.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Ujiji. Nawaandikia kuhusu Liemba, meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika, na naanza na ombi lenyewe ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho awe ameshalipata. Kazi ya kuikarabati meli hii iende sambamba na kazi ya kuandika na kutunza habari zake: nani aliiunda, nani aliipeleka vitani, nani aliizamisha, nani aliiopoa, nani ameiendesha na nani amepanda. Zifanyike kwa wakati mmoja na chini ya bajeti moja. Fundi akishakata bamba la zamani na kulitupa kwenye rundo la chuma chakavu, hakuna mhifadhi atakayelirudisha. Na mzee akishazikwa na habari zake, ndiyo basi.

Liemba haikuundwa kwa ajili ya vita. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, kaskazini magharibi mwa Ujerumani, ili ipokee abiria na mizigo ya reli ya kati itakapofika ziwani. Reli ilifika Kigoma mapema mwaka 1914. Meli ilifungwa kule Papenburg, ikafunguliwa tena kipande kimoja kimoja, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa garimoshi mpaka kwetu. Mafundi watatu wa Papenburg waliandamana nayo: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka Agosti 1914, na meli ya abiria ikawa ya jeshi kabla haijagusa maji.

Majina ya wale mafundi watatu yameandikwa, na wanastahili. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya chelezo, pale meli zinapoundwa na kukarabatiwa, anajua kwamba watu watatu hawaungi meli ya mita 71. Mabamba yake yameshikwa na ribiti, vile vipini vya chuma vinavyogongwa vikiwa vya moto, na ribiti moja inahitaji mikono mingi. Mmoja anaichoma kwenye makaa mpaka iwe nyekundu. Mwingine anaipokea kwa koleo na kuitia kwenye tundu. Wa tatu anaikandamiza kwa ndani kwa chuma kizito, na wa nne anaigonga kwa nje haraka haraka, maana ikipoa kabla kichwa chake hakijalala sawasawa, maji yatapita. Fanyeni hesabu ya ribiti za upande mmoja tu wa meli, mtaona ni watu wangapi walitokwa jasho pale Kigoma kuanzia 1914 mpaka meli iliposhushwa majini Februari 1915. Walikuwa Waafrika wa bara hili na mafundi wa Kihindi. Katika masimulizi ya meli hii wanaitwa vibarua, basi, na hadithi inaendelea na Wajerumani.

Hata jina la kwanza la meli lina habari yake, na habari hiyo haifai kufichwa nyuma ya rangi mpya. Iliitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Huyo ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, na chini yake majeshi yalichoma mashamba na maghala ya kusini mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka michache baadaye, watu wa nchi hiyo hiyo waligonga ribiti kwenye meli yenye jina lake. Mtoto wa shule atakayepanda Liemba ana haki ya kulijua hilo, na alijue kwa Kiswahili, akiwa ndani ya meli yenyewe.

Vita vya ziwani vilipiganwa karibu vyote kwa vyombo vya kazi. Hedwig von Wissmann ilikuwa meli ndogo ya kawaida ya ziwani kabla haijafungwa mizinga. Agosti 1914 ndiyo iliyoishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji na kuiacha haifai. Adjutant ilikuwa tagi ya pwani, kazi yake kuvuta meli kubwa bandarini. Waingereza waliiteka mwaka 1914, Wajerumani wakaiteka tena Rufiji Februari 1915, wakaifumua, wakaipakia kwenye reli na kuileta Kigoma. Wapo pia Mimi na Toutou, zile boti mbili za Waingereza zenye urefu wa futi 40 hivi, ambazo wazungu wamezisimulia mno kwa sababu zilipitishwa nchi kavu. Zilitoka Cape Town kwa garimoshi hadi Fungurume, Kongo, zikaburutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na watu, zikapita mto Lualaba, zikafika ziwani mwishoni mwa 1915. Tarehe 26 Desemba mwaka huo zikaiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama. Waliokata miti na kutengeneza njia ya kupitishia boti zile milimani walikuwa maelfu ya wanakijiji wa Kongo. Katika vitabu wamebaki kuwa idadi, kama kawaida.

Mzinga wa Götzen nao ulikuwa na safari yake. Ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikono ya mto Rufiji na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa na kukokotwa na watu mpaka Dar es Salaam, ikasambazwa sehemu mbalimbali, na mmoja ukafungwa kwenye meli yetu. Baadaye jeshi la Ujerumani likauhitaji kwingine, likauondoa na kuweka wa mbao ili adui asijue. Mmoja wa mizinga ya Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na watoto wa Kenya wanapelekwa kuuona. Sisi tuna meli nzima.

Niwaombe mnivumilie nitoke kidogo nje ya ziwa letu, kwa sababu kuna mfano ambao ningependa muutazame.

Wakati Kigoma wanapiga ribiti, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likichukua meli za wavuvi, zile za mvuke zinazokokota nyavu kwenye Bahari ya Kaskazini. Zilichukuliwa kwa mamia pamoja na wavuvi wake. Sababu yake ni ya kikazi kabisa: chombo kilichozoea kuvuta wavu mzito chini ya bahari kinaweza pia kuvuta waya wa chuma, na vyombo viwili vikienda sambamba na waya katikati yao vinakata minyororo ya mabomu yaliyotegwa majini. Mvuvi hakuhitaji kufundishwa upya. Alibadilisha windo tu, na safari hii windo lilikuwa linaua.

Moja ya meli hizo inaitwa Viola. Iliundwa Beverley, Uingereza, mwaka 1906, kwa ajili ya kampuni ya uvuvi ya Hellyer ya mji wa Hull. Mwaka 1914 ikachukuliwa na jeshi, ikafungwa mzinga, ikapewa doria ya Shetland na baadaye pwani ya mto Tyne. Ikanusurika. Baada ya vita ikauzwa Norway, ikabadilishwa jina, ikawinda nyangumi, pamoja na wale wa pwani ya Afrika upande wa Atlantiki, kisha ikaishia kisiwa cha South Georgia, mbali kabisa kusini mwa dunia, katika kituo cha Grytviken. Mpaka leo iko pale na injini yake ya mvuke. Watu wa Hull wamehangaika miaka na miaka wakitaka irudi nyumbani. Kengele yake ilipatikana Norway ikarudishwa Hull. Na wale wavuvi walioingia vitani na meli zao waliandikishwa katika akiba ya jeshi la majini mmoja mmoja, kwa jina na mahali alikozaliwa, na daftari hizo zipo. Mjukuu wa mvuvi wa Hull anaweza kukaa chini akasoma babu yake alipanda meli gani na mwaka gani.

Waheshimiwa, ile ni meli ya samaki, ndogo kuliko Liemba, na haifanyi tena kazi yoyote. Mji mzima unaililia. Liemba yetu ilipigana vita vile vile, ikakaa chini ya maji miaka, ikafufuka, ikabeba watu wa nchi nne, na sisi bado tunaongelea injini na rangi tu. Nasema hivi kwa uchungu.

Ya majina ndiyo yanayoniuma zaidi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri, na wengi wa hao wa kwetu walikuwa wapagazi. Kwa upande wa Ujerumani, waliobeba mizigo na waliojenga meli hawana hata ripoti ya namna hiyo. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa maneno ya heshima, ikiwaita miguu na mikono ya jeshi, na maneno hayo yameandikwa kwa Kiswahili pia. Kwa hiyo hata mkoloni aliona haya kidogo, akaandika. Mwaka huo huo wa 1927, tarehe 16 Mei, meli yetu ilianza upya safari zake ikiwa na jina la Liemba. Haina kibao cha namna ile.

Hapo katikati, kati ya vita na kufufuka, ndipo penye habari ninayoipenda kuliko zote. Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanakaribia kwa nchi kavu, na kabla ya hapo ndege zao za majini zilikuwa zimeshaipiga Kigoma kwa mabomu. Wajerumani wakaamua kuondoka. Amri ilikuwa meli izamishwe isije ikatumiwa na adui. Lakini walioiunda hawakuwa na moyo wa kuivunja. Wakapaka grisi nzito kila mahali penye injini, kila kiungo na kila mhimili, wakaijaza mchanga ili ilale vizuri, na tarehe 26 Julai wakaishusha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji wakaiopoa baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa Machi 1924, wakafungua injini, wakazikuta chini ya ile grisi zikiwa nzima kiasi cha kurudishwa kazini. Mashine zile za mvuke ziliendelea kuisukuma meli mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa injini za dizeli.

Karibu miaka minane tangu izamishwe, na grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Nawaombeni mfikirie ni mikono ya nani iliyoingiza grisi ile kwenye pembe za chumba cha injini, palipo pembamba na pana joto, wakati mizinga inasikika. Wenye masimulizi wanasema "wahandisi". Wahandisi walikuwa watatu.

Ningependa pia habari za meli hii zisiishie vitani, maana kwa sisi wa ziwani vita ni sehemu ndogo ya maisha yake. Muulizeni mtu yeyote wa Kalya, Ikola, Karema, Kirando au Kasanga. Vijiji vingi havina gati. Ilipokuwa bado inasafiri, mambo yalikuwa hivi: meli inasimama mbali kidogo na ufukwe, mara nyingi usiku, inapiga honi, na mitumbwi na boti za mbao zinaikimbilia. Mlango wa ubavuni unafunguliwa, taa inamulika maji, na hapo ndipo kazi inapoanza. Magunia ya dagaa wakavu yanapanda, mahindi yanashuka, mama anamrusha mtoto juu kwa mtu asiyemjua na mtoto anadakwa salama, mgonjwa wa kupelekwa Kigoma anapandishwa kwenye shuka iliyoshikwa pembe nne. Boti zinagongana, watu wanatukanana na kucheka kwa pamoja. Baada ya muda mlango unafungwa na wachuuzi wanahesabu magunia yao kwa kurunzi. Wachukuzi wa mlangoni pale, waliofanya kazi hiyo miaka ishirini au thelathini, wanajua uzito na kimo cha kila wimbi kuliko kitabu chochote. Wengi wao ni wazee sasa.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu, mtawala wa Kongo, kuanguka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliikodi Liemba, ikawarudisha kwao wakimbizi wa Kongo wapatao 75,000. Mei 2015 ikaitwa tena. Watu wa Burundi walikuwa wamekimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara ya gari, wakafika makumi ya maelfu kwenye ufukwe mwembamba, na kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji. Liemba haikuweza kusogea ufukweni, kwa hiyo boti za wavuvi ndizo zilizowachukua watu kutoka mchangani na kuwafikisha kwenye meli, safari baada ya safari. Kutoka hapo Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kambi ya Nyarugusu. Nani ameandika majina ya wavuvi wale wa Kagunga? Hiyo si 1915, waheshimiwa. Hapa hatuna wa kumlaumu ila sisi wenyewe, na wengi wao wako hai, mnaweza kuwapata wiki hii.

Sasa niseme tunachoomba, kwa undani kidogo.

Fundi wa ukarabati awe na mhifadhi kando yake siku zote za kazi chelezoni, mtu wa Makumbusho ya Taifa mwenye mamlaka ya kusema "subiri". Kila bamba, ribiti, mlango au bomba la asili linaloondolewa lipigwe picha, liandikwe limetoka wapi kwenye meli, na sehemu ya vitu hivyo ibaki Kigoma. Isiuzwe kwa kilo. Isipelekwe Dar es Salaam pia, maana vitu vyetu vikishakwenda huko tunavisikia tu. Jengo la stesheni ya reli ya Kigoma liko hatua chache kutoka bandarini, nalo ni la zama zile zile. Chumba kimoja tu ndani yake kingetosha kuanzia.

Wazee wahojiwe kabla ya chochote kingine, hata kabla ya mkutano wa kwanza wa kamati. Manahodha wastaafu, mafundi mitambo, wapishi, wakata tiketi, wachukuzi wa mlangoni, wavuvi wa Kagunga, wachuuzi wa dagaa, na waliopanda kama wakimbizi wakabaki. Wahojiwe kwa Kiha, Kiswahili, Kifipa na Kibembe, kwa lugha ambayo mzee anaikumbukia. Wanafunzi wa sekondari za Kigoma, Katavi na Rukwa wanaweza kuifanya kazi hii wakipewa kinasa sauti na mwalimu mmoja wa historia aliyetulia. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya injini moja.

Serikali iombe rasmi Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza nakala za nyaraka zinazohusu meli hii na watu walioajiriwa kuiunda, kuiendesha na kuiopoa. Orodha za mishahara hasa. Kibarua alilipwa, na palipo na malipo kwa kawaida pana orodha. Yakipatikana majina ishirini tu, yachongwe kwenye bamba la chuma na kufungwa kwenye ngazi kuu ya meli, mahali ambapo kila abiria anapita.

Na Liemba irudi kubeba abiria. Nimesikia watu wenye nia njema wakisema igeuzwe hoteli, ifungwe gatini watalii wapige picha. Nawaheshimu, ila nawapinga. Meli hii ilichukuliwa mara moja kutoka kwenye kazi iliyoundiwa, ikapelekwa kwenye kazi ya wakubwa. Isichukuliwe mara ya pili. Mtalii apande kama anavyopanda kila mtu, akate tiketi ya daraja la kwanza akitaka, na ashuke Lagosa kwenda hifadhi ya Mahale huku mama wa Kalya akiwa sitaha ya chini na magunia yake. Bei ya daraja la tatu ipangwe kwa mfuko wa huyo mama.

Tunaomba majibu kwa maandishi, na tunaomba yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya tiketi bandarini Kigoma, kwa sababu wengi wanaohusika hawana simu ya kusomea barua za mtandaoni. Yaeleze mambo matatu: ni ofisi gani imepewa jukumu la kumbukumbu, fedha yake imetengwa kwenye fungu lipi, na mahojiano ya wazee yanaanza tarehe gani. Mkihitaji watu wa kuwaonyesha nyumba za mabaharia wa zamani, Ujiji, Gungu na Mwanga tupo, tutawapeleka mlango kwa mlango.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzaliwa wa Ujiji, Kigoma